Tuchore kilima mbele ya mashini kufika



Mu mwezi wa ine, Dimanche moja kisha misa, tulipanda kilima pamoja na vijana sita wenye kubeba makopo ya rangi, mbao na vitambaa vya kuchorea. Jina la kilima hatulitaji hapa, juu mambo ya mipaka yake haijaisha. Lakini kila mtu aliyekomea Katanga anajua kilima cha namna hiyo. Chini kuko miti ya miombo, inazunguka sawa mukaba. Ukipanda, miti inaisha ghafula. Juu kuko majani tu, na mwisho wa mvua kuko maua madogo ya rangi ya buluu na zambarau. Wazee walijua maana yake: fasi miti inakataa kuota, shaba iko karibu. Wataalamu wa mawe waliokuja wakati wa Babeleji nao walifuata alama ile ile, na ua moja wakaliita fleur du cuivre. Kuko mimea ya vilima hivi ambayo haioti fasi ingine yoyote ku dunia.

Vijana wakakaa chini, kila mmoja akachagua upande wake, wakaanza kuchora. Kwenye saa tano mlinzi wa sosiete akafika. Akatuuliza kama tuko na karatasi. Karatasi ya nini? Ya kuangalia kilima. Tulicheka sana. Kisha tukanyamaza, maana yeye hakukosea: kilima kiko ndani ya permis, na permis inasema kitakuwa shimo. Njo wakati ule mtoto mmoja wa miaka kumi, mwana wa mwenzetu wa kazi ya fonderie, akauliza: "Baba, banakichora juu ya nini, kama kitaondoka?"

Baba yake hakujibu. Na sisi pia hatukujibu siku ile. Tunajaribu kujibu leo, mu gazeti hili, juu ni ulizo la watu wazima.

Tuanze mbali kidogo. Mu Marekani, mu jimbo la California, ku mji wa Santa Barbara, wachoraji waliunda kikundi mwaka 1986, wakakiita Oak Group, jina la mti mkubwa wa kule. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Ray Strong, mzee aliyezaliwa 1905 na kufa 2006, akiwa amepita miaka 100 na angali na moyo wa brosi. Kazi yao ni nyepesi kueleza. Wakisikia kwamba shamba fulani ao ukingo fulani wa bahari unatakiwa kujengwa manyumba, wanaenda pale pamoja, kila mtu na mbao yake, wanachora papo hapo chini ya jua. Kisha tablo zinaoneshwa na kuuzishwa, na sehemu kubwa ya bei, mara mingi nusu, inaenda ku shirika lenye kupigania ile fasi. Karibu na mji ule, ku Carpinteria, kuko uwanda juu ya bahari ambao watu wa biashara walitaka kuujenga kwa miaka mingi. Raia wakachanga makuta, na mwaka 1998 shirika la kutunza ardhi likaununua. Leo watu wanatembea pale na batoto yao, bila kulipa.

Tusidanganyane: si rangi iliyoununua uwanda. Ni makuta, na karatasi yenye sinyatire. Mashirika ya namna ile yako na njia mbili. Ya kwanza, yananunua ardhi na kuishika. Ya pili ni ya akili zaidi: mwenye shamba anabaki na shamba lake, analima, anachunga ng'ombe, lakini anatia sinyatire kwamba haki ya kujenga ao ya kukata shamba vipande vipande imekufa milele, hata atakayenunua kisha yeye hataipata. Karatasi hiyo inaandikwa mu buku ya leta. Tablo inafanya kazi yake mbele ya karatasi: inaleta watu, inaleta makuta, inawafanya watu wa mji waone kwamba ile fasi ni fasi, haiko "uwanja mtupu" sawa vile wanavyoandika mu dosye.

Mutatuambia: siku hizi kila mtu iko na telefone, picha ni ya bure, mchoraji ni wa nini? Tuliwaza vile pia mbele ya ile Dimanche. Lakini tuliona kwa macho. Picha ya telefone ni dakika moja, unapiga, unaondoka. Mchoraji anakaa saa mbili, saa tatu. Jua linatembea, kivuli kinahama, yeye anaharakisha. Watu wanapita wanasimama nyuma yake. Mama mmoja mwenye kubeba mafungu ya kuni alisimama, akasema hapana, njia ya mto haiko vile, zamani ilipitia huku. Mzee mwingine akasema ya kwamba chini ya ule mti mkubwa walikuwa wanakata kesi za kijiji. Ku saa saba tulikuwa watu zaidi ya makumi tatu, na kilima chote kilikuwa kimeelezwa, jiwe kwa jiwe. Hakuna mkutano wa sendika uliotuletea maneno mingi vile mu asubuhi moja, na tunasema hivyo tukijua tumeitisha mikutano mingapi.

Mambo hayo hayakuanza na Bamarekani. Yalianza Ufaransa, mu msitu wa Fontainebleau, kilometa karibu 60 toka Paris. Pembeni ya msitu kuko kijiji cha Barbizon. Toka miaka ya 1820 na 1830 wachoraji walianza kwenda kule, wakilala ku auberge ya familia Ganne, wakichora miti na mawe. Mu 1841 Mmarekani John Goffe Rand akavumbua tyubu ya bati ya kutilia rangi. Mbele ya hapo rangi ilikuwa inabebwa mu kibofu cha nguruwe, inakauka, inapasuka. Ku tyubu, mchoraji akaweza kutembea na rangi zote mu sanduku moja. Kitu kidogo sana, sawa vile taa ya kichwa ilivyobadilisha kazi yetu ya chini.

Kati yao kulikuwa Théodore Rousseau, mtu mwenye kichwa kigumu, ambaye tablo zake zilikataliwa miaka mingi ku Salon ya Paris. Watu wa eaux et forêts walikuwa wanaangusha mialoni ya zamani, wanapanda sapin juu ya biashara. Rousseau akachora tablo ya watu wenye kuangusha miti, akaiita "Massacre des Innocents", sawa batoto waliouawa na Herode. Ilikuwa 1847. Mu 1852 akapeleka malalamiko ku serikali ya Napoleon III kwa jina la wachoraji wote. Mwaka uliofuata, hektari 624 za msitu zikaondolewa mu mpango wa kukata. Mu 1861 dekre ikatoka: hektari 1,097 zikawa "série artistique", fasi ya kulindwa juu ya uzuri wake. Ilikuwa mbele ya Bamarekani kutangaza Yellowstone, 1872, na huko pia tablo za Thomas Moran zilisaidia sana, maana wakubwa wa Washington hawakuwa wamefika kule, waliona rangi tu.

Ku fasi hii wanaosimulia hadithi ya Fontainebleau wanakwisha, wanapiga makofi. Sisi watu wa mawe hatuwezi kupiga makofi mbio vile.

Juu mu msitu ule ule kulikuwa wachimbaji. Fontainebleau iko na mawe ya mchanga magumu, ile wanaita grès, na barabara za Paris zilipangwa na mawe yale. Watu waliyapasua kwa nyundo na kabari, wakayachonga kuwa pavé, siku yote mu vumbi. Vumbi la grès ni silika. Tunajua silika inafanya nini mu mapafu, hatuna lazima ya monganga kutueleza. Wale walikufa vijana, mapafu yamejaa mawe. Wachoraji walichora misitu, walichora mawe yaliyolala mazuri chini ya miti. Mu malalamiko yao mchimbaji ni kelele tu, ni adui wa mandhari. Tunamjua Rousseau, tunajua hata sanamu ya shaba ya uso wake na wa rafiki yake Millet, ilibandikwa ku jiwe pale Barbizon mu 1884. Mchimbaji gani iko na jina ku jiwe lile? Jiwe alilopasua yeye!

Njo maana tunasema: kutunza udongo bila kuita wafanyakazi wake ni kuwafukuza mara ya pili. Mara ya kwanza ni mashini, mara ya pili ni bendera ya "nature". Tumeyaona hata huku. Kuko fasi mchimbaji wa mikono anafukuzwa na askari juu ya mazingira, na kisha miezi sita buldoza inaingia pale pale. Mazingira ilikwenda wapi?

Lakini tusiwe na haki nusu. Jean-François Millet, huyo rafiki wa Rousseau, alikuwa mwana wa wakulima wa Normandie, alishika jembe mbele ya kushika brosi. Alifika Barbizon na familia 1849. Mu 1857 akaonesha tablo ya bamama watatu wameinama mu shamba lililokwisha kuvunwa, wanaokota masuke yaliyobaki chini. Watu matajiri wa Paris waliogopa tablo ile, wakaona maskini watatu wakawaza revolisho. Ukiiangalia, ni bamama wetu ku remblais, wanaokota vipande vya malachite ambavyo camion ilidondosha. Migongo ni ile ile. Hivyo mchoraji anaweza kuona mandhari pamoja na mtu anayefanya kazi ndani yake. Njo wachoraji wa namna hiyo tunatafuta.

Na hatuendi kuwatafuta mbali. Katanga haikosi. Mu 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelier ku Élisabethville, watu wakaiita Hangar. Pale walitoka Pili-Pili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole bila brosi. Walichora pori na maji ya hapa, na tablo zao zikafika Ulaya. Kisha, mu miaka ya 70, kulikuwa wachoraji wa cité. Wenye umri wetu wanakumbuka: salon ya mfanyakazi ilikuwa na mamba muntu ku ukuta, ao Colonie belge na fimbo yake, ao paysage: mto, minazi, nyumba za majani, jua linashuka. Baba akipata mushahara, mchoraji alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na tablo mbili tatu chini ya kwapa. Tshibumba Kanda-Matulu aliuzisha vile, na kati ya 1973 na 1974 akachora historia yote ya inchi mu tablo karibu 100. Tablo hizo tulikuwa tunaziita ukumbusho. Hatukusema mapambo, tulisema ukumbusho: kitu cha kukufanya ukumbuke na useme.

Paysage za wakati ule zilikuwa za kijiji ambacho baba alikiacha juu ya kuja ku kazi. Sasa ni fasi ya kazi yenyewe inayoondoka. Vilima ambavyo batoto wetu walichezea haviko tena. Fasi ya kimoja kuko shimo lenye maji ya kijani, fasi ya kingine kuko mlima wa mawe ya taka, na hakuna hata tablo moja ya kuonesha kilichokuwa.

Sasa tuje ku sheria, maana bila sheria hii yote ni pikiniki.

Kununua ardhi sawa Bamarekani, haiwezekani. Toka sheria ya 1973, udongo wa Congo ni mali ya leta peke yake. Raia anapata concession tu, na ya chini ya udongo ni ya leta pia. Kuko dekre ya 2014 inayowapa jamii za vijiji haki ya kuomba msitu wao, mpaka hektari 50,000, na vijiji ambavyo havijafikiwa na permis vingefanya mbio kuomba. Fasi permis imekwisha kutolewa, njia hiyo ni ngumu.

Lakini Code minier iliyorekebishwa mu 2018 iko na milango mitatu. Wa kwanza ni consultation ya raia wakati wa étude d'impact. Wa pili ni cahier des charges, ile karatasi sosiete na jamii wanatia sinyatire pamoja. Wa tatu ni makuta: asilimia 0.3 ya mauzo ya sosiete, kwa uchache, inawekwa juu ya maendeleo ya jamii zenye kuguswa na mgodi, na asilimia 15 ya redevance inaenda ku chefferie, sekta ao commune. Ku cahier des charges tunaomba kila mara shule, forage, dispensaire, camion ya kubeba wagonjwa. Ni vizuri, tuendelee kuomba. Hatujapata kusikia jamii iliyoandika: kilima hiki kimoja kisichimbwe, ao maua yake yahamishwe mbele ya kuchimba, ao chanzo hiki cha maji kibaki na miti yake mita mia mbili kila upande. Kwa nini? Juu siku ya consultation sosiete inaleta ramani kubwa, rangi nzuri, mashini ya kuonesha ku ukuta, na mutaalamu mwenye kusema saa moja. Sisi tunakuja mikono mitupu. Tukisema "pale kuko fasi ya mizimu, pale kuko maji", wanauliza: pale wapi?

Siku ingine tutaingia na tablo kumi na mbili, na mwenye kila upande wa kilima atasimama karibu na tablo yake na kusema ni nini kiko pale. Hapo mutaalamu atalazimika kujibu juu ya mti, juu ya jiwe, juu ya mto. Anaweza bado kukataa. Lakini katika PV ya mkutano itaandikwa kwamba tulionesha.

Kuko bandugu waliotukemea mbele ya kuandika. Mmoja wa sous-traitance alisema, mwezi wa tatu hajalipwa, na sendika inaenda kupaka rangi. Ana haki ya kukasirika. Mambo ya mushahara wake tuko nayo ku inspection du travail, na hatutaiacha juu ya brosi. Mwingine, creuseur, alisema waziwazi: kilima kikibaki, mimi ninakula nini? Hili ni zito kupita lile la kwanza. Hatumwambii asichimbe. Sisi wote tunakula kilima, toka babu zetu waliofua misalaba ya shaba. Tunachosema ni kwamba vilima viko vingi na hatulazimike kula vyote mu kizazi kimoja, na kwamba kuchagua kipi kibaki kusiachwe ku sosiete peke yake, wala ku watu wa mazingira wanaofika na jeep siku mbili. Creuseur anajua kilima kipi ni tupu ndani. Aje aseme. Pengine kile cha kuacha ni kile kile ambacho hakimlishi mtu.

Ya tatu ni juu ya makuta ya tablo, na hapa tunataka kila kitu kiwe wazi mbele ya kuanza, juu tunajua makuta ya pamoja inavunja urafiki. Tulipatana na vijana sita hivi: nusu ni ya mchoraji, rangi ni bei kali na hakuna mtu anayekula sifa. Nusu inaingia mu kesi yenye funguo tatu, moja ya mama mmoja wa quartier, moja ya mjumbe wa sendika, moja ya mtu wa kijiji mwenye kilima. Kesi italipa kwanza mtu wa sheria wa kutuandikia maombi ya cahier des charges vizuri, kisha miche ya miombo ya kurudisha ku chanzo cha maji. Hesabu itasomwa kwa sauti kila miezi mitatu. Atakayekosa franka moja ataeleza mbele ya wote.

Tablo za mara ya kwanza ni kumi na moja. Moja iliharibika, upepo uliiangusha mu vumbi wakati rangi ilikuwa bado mbichi, na mchoraji akakataa kuisafisha. Anasema kilima kiliingia chenyewe. Zingine zimetundikwa ku biro ya sendika. Mtoto aliyetuuliza lile ulizo alichora pia, ku karatasi ya kaye. Alitia kilima, akatia mashini ya manjano chini yake, na ku mashini akatia baba yake.

Tutapanda tena Dimanche ya mwisho ya mwezi huu, mbele majani hayajachomwa moto. Tunaondoka ku biro ya sendika saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, juu mwangaza wa kuchora ni ule wa mapema. Kila mtu alete maji yake na kitu cha kukalia. Bazee wanaojua majina ya fasi, tutawatafutia moto ya kuwapandisha. Wachoraji wa Kenya, wa Katuba, wa Likasi na wa Kolwezi, mnakaribishwa, hata wale wa mamba muntu. Mara hii tumeandika barua ku sosiete na ku chefferie, na tuko na accusé de réception ya zote mbili. Mlinzi akifika kuuliza karatasi, tutamuonesha.